Mchunga Kwenye Sinia la Futari

Uani kwa mama mkwe wangu, Mbeya mjini, hapakuruhusiwa kuota kitu. Palifagiwa asubuhi, pakafagiwa tena baada ya Alasiri, mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu. Lakini mchunga hauombi ruhusa. Uliota pembeni mwa karo la vyombo, uliota chini ya kamba ya nguo, uliota hata kwenye ufa wa kizingiti cha choo. Ulitandaza majani yake yenye meno meno, ukatoa ua la manjano, na kabla hujageuka ua lile limekwisha kuwa pamba nyeupe inayopeperuka kwenda kuota kwa jirani. Mama mkwe aliuchukia kama watu wanavyomchukia kuku wa jirani.

Kazi ya kuung'oa ilikuwa yangu, mke wa mwanawe. Na mimi sikuung'oa hata siku moja. Niliinama na jembe la mkono mahali anaponiona, nikagusagusa udongo, kisha nikayakata majani kwa ukucha na kuyafutika kwenye kanga. Mzizi niliuacha ukae. Wiki ya pili majani yalikuwa yamerudi, na mama mkwe amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Huu mchunga una roho ngapi?" akauliza.

"Ni mvua, Mama," nikajibu.

Nilikuwa mwongo mdogo, lakini nilikuwa na sababu. Nilitoka kijiji kimoja karibu na Ilula, upande wa Iringa, kwa Wahehe, nyumba ya Walutheri wa kengele ya asubuhi na jioni. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alikuja Iringa kushona kwenye baraza la duka moja, na gauni langu la kipaimara alilishona yeye. Miaka mitatu baadaye nikasilimu nikaolewa naye. Mchungaji wetu aliposikia mwisho wa gauni lile, naambiwa alikaa kimya muda mrefu. Baba yangu hakukaa kimya. Alisema nimeuza kanisa kwa sahani ya pilau. Lakini alikuja harusini, na pilau akala.

Mchunga niliujua kabla sijajua kutembea. Kwetu majani machanga ni mboga, yanachemshwa na kuungwa kwa karanga zilizotwangwa. Sungura tuliowafuga hawakutaka kingine. Utomvu wake mweupe, unaotoka kama maziwa ukikata shina, tuliupaka kwenye chunjua. Mama yangu aliupaka kwenye ziwa lake siku alipoamua kwamba mdogo wangu amenyonya vya kutosha. Mtoto alinyonya mara moja, akamtazama mama kama mtu aliyesalitiwa, na habari ya ziwa ikaishia hapo. Kule misheni mke wa mmisionari mmoja alikuwa na jamaa wa mchunga katika bustani yake, ua lake nene zaidi, majani yamelala chini kabisa. Alisema mbegu zake zilimfuata kutoka kwao bila kualikwa. Alichimba mizizi, akaikaanga, akaisaga, akainywa badala ya kahawa. Sisi wasichana tuliomfulia nguo tulionjeshwa. Tulishukuru kwa adabu, tukaenda kutema nyuma ya nyumba.

Lakini kubwa lilikuwa hili. Msimu wa palizi, mtu akishinda shambani na njaa, mama yangu hakumpa kitamu kwanza. Alimpa mchunga, na siku hiyo maji ya kuchemshia, yanayobeba uchungu, hakuyamwaga. "Tumbo la njaa likianza na kitamu linalala," alikuwa akisema. "Lianze na kichungu, liamke. Halafu ndiyo ule." Tulikunja nyuso, tukala, na kweli baada ya hapo hata ugali mkavu ulikuwa karamu. Kwetu hiyo ilikuwa heshima. Mboga ile alipewa aliyetoka kwenye kazi ngumu, si mtu aliyeshinda kivulini.

Sasa Mbeya nilikuwa mpweke, na sioni haya kusema. Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini alishinda barazani na cherehani chake, na mimi nilishinda na mama yake. Mama mkwe akitoka kwenda kuhani msiba au kumjulia mgonjwa hali, nilichemsha mchunga wangu kwenye kopo, nikala na ugali wa jana nimesimama nyuma ya jiko. Uchungu ule ulinirudisha nyumbani. Wakati mwingine nililia kidogo, nikaosha kopo, nikafagia uani.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa mtu wa pwani. Hivyo ndivyo alivyosema, na nani angembishia? Babu yake alitoka Bagamoyo, nazi hazikukosekana katika mazungumzo yake, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama bakuli la kioo. Kwamba alizaliwa Iringa mjini na bahari hakuwahi kuiona hata siku moja, hilo halikumpunguzia kitu. Nilipoingia nyumbani kwake aliniketisha mkekani, akaniambia maneno ambayo nilikuja kuyarudia kichwani kila siku:

"Mwanangu kakupenda, nami sina neno. Lakini mke wa mbali hutazamwa mwaka. Mwaka ukiisha, tutajua kama umekaa au ulikuwa unapita."

Hakuyasema kwa ukali. Ndiyo maana yalinitisha. Mtaa wa pili alikuwapo binti wa Kisafwa aliyeolewa na kijana wa ukoo wa pwani kama wao, na kabla ya mwaka kuisha nilimwona kwa macho yangu akirudi kwao na sanduku kichwani. Hakuiba, hakutukana mtu. Ilisemwa tu kwamba hakujua kukaa na watu. Na mimi kurudi kwetu ningerudije? Kwa baba wa pilau? Kwa mchungaji?

Ramadhani ilinikuta nina miezi saba katika nyumba ile. Iliangukia mwisho wa masika, baridi ya Mbeya inaanza kuuma, mchunga umejaa kila kona. Ilikuwa Ramadhani yangu ya kwanza. Nilifunga siku zangu vizuri, maana njaa kwa mtoto wa mkulima si mgeni. Kilichonishinda kilikuwa kukaa siku nzima bila maji huku nimeinama kwenye moshi wa jiko.

Mama mkwe na wanawake wenzake wa ukoo wa pwani walikuwa na desturi ya kufuturishana kwa zamu. Leo kwa huyu, kesho kutwa kwa yule. Zamu yetu ilipokaribia, mama mkwe akaniita.

"Zamu yetu jiko ni lako," akasema. "Mimi nitakaa na wageni. Pika unavyojua."

Nikajua huo ndio mtihani wenyewe. Mmoja wa wageni alikuwa shoga yake wa Kilwa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika nyumba tatu. Yeye bahari alikuwa ameiona, na hakuacha watu wasahau. Alikuwa na mpwa wake wa kike aliyekuwa amemtengea mume wangu, kabla mume wangu hajashona gauni la kipaimara. Kila aliponikuta alinisalimu "Kamwene!" kwa Kihehe chake kibovu, akacheka peke yake. Wageni wengine walikuwa mke wa mwalimu wa madrasa, mama mpole asiye na makuu, na dada yake.

Nilipika tangu Adhuhuri. Nilipika uji wa pilipili manga, nikachemsha magimbi, nikapika viazi vitamu kwa ile nazi moja iliyofika salama kwenye lori kutoka pwani, nikakaanga ndizi, nikapanga tende kwenye kisahani. Kila kitu nilichomwona mama mkwe akikipika nilikipika. Halafu nikatazama sinia nikaona kuna kitu kinakosekana. Wanawake hawa watu wazima wameshinda na njaa siku nzima, nami ninawapa vitamu vitupu, walale? Mama yangu angenionea aibu. Pika unavyojua, niliambiwa. Nami hilo ndilo nililolijua kuliko yote.

Nikaenda karoni nikachuma mchunga bora, yale majani ya katikati. Nikauchemsha, maji sikuyamwaga. Nikaunga kwa karanga kidogo. Nikaweka kwenye bakuli zuri kuliko yote, lile lenye maua mekundu, nikaliweka katikati ya sinia, mbele ya tende. Nilifurahi. Mungu anajua nilifurahi, na nilibeba sinia lile nikijiona mke wa watu.

Adhana ya Magharibi ikalia. Kila mmoja akachukua tende yake. Nami nikasogeza bakuli, nikasema kwa Kiswahili changu cha bara:

"Karibuni. Hii mboga muanze nayo hii. Kwetu mutu akishinda na njaa tunamupaga hii kwanza."

Shoga wa Kilwa alikuwa mwepesi wa mkono. Akachota tonge nono, akaingiza kinywani. Sitausahau uso ule. Macho yalijifumba, shingo ikaingia mabegani, midomo ikajikunja kama mfuko uliovutwa kamba. Akatema kwenye leso, akanitazama, kisha akamtazama mama mkwe, na katika macho yake niliona furaha inaanza kuchomoza.

"Shoga," akasema polepole, "huu si mchunga huu? Mboga ya kukosa? Ndio umetuitia mchunga tufungulie saumu, na uchungu wake wote? Au ndivyo nyumba hii ilivyofika?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa mara moja. Kwao saumu hufunguliwa kwa kitamu. Kwao mchunga ni mboga ya mtu aliyekosa, na kumwekea mgeni ni kumwambia hatuna kitu, au kwamba yeye si kitu. Nilikuwa nimemwaibisha mama mkwe wangu mbele ya wenzake, katika mwezi mtukufu, kwa bakuli lake mwenyewe la maua mekundu. Nililiona sanduku langu kichwani, na barabara ya Iringa.

Mama mkwe alikuwa na tende mdomoni. Aliihamisha kutoka shavu la kulia ikaenda la kushoto. Akasema:

"Ni mimi niliyemwagiza."

Shoga wa Kilwa akashusha leso.

"Mimi," akasema tena. "Tangu mwezi kuandama tunazunguka nyumba kwa nyumba, ndizi juu ya tambi, tambi juu ya viazi. Saumu gani hii ya kunenepa? Nikasema kwangu tuonje uchungu kidogo, tuwakumbuke wasio nacho. Binti alikataa. Alisema, Mama, wageni watachukia. Nikamwambia wageni wangu ni watu wa dini, wataelewa."

Kisha akavuta bakuli kwake, akala. Hakukunja uso. Tonge la kwanza, la pili, la tatu, kama mtu anayekula halua. Mke wa mwalimu akasema, "Maneno ya kheri hayo," naye akachota. Dada yake akafuata, machozi yakimlengalenga. Shoga wa Kilwa alibaki na leso yake mkononi. Kukataa sasa kulikuwa kukataa dini. Akala matonge mawili, na yote mawili aliyameza kwa uji.

Walipoondoka, mama mkwe akaingia jikoni, akanywa chai ya sukari mabakuli mawili bila kupumzika. Akakaa kwenye kigoda.

"Mwanangu, ulitaka kuniua?"

Nikapiga magoti nikalia. Nikamweleza yote, mama yangu, palizi, tumbo linaloamka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwenu ni kwenu," akasema. "Sikatai. Lakini kwetu futari huanza kwa kitamu, na mgeni hapewi mchunga hata kama ameomba. Ulipokuwa hujui, ungeuliza. Mdomo umepewa bure. Haya, osha vyombo."

Hakuongeza neno. Siku hiyo wala siku iliyofuata. Sikukuu ikaja ikapita, nikashonewa gauni jipya, na mimi nikaendelea kuishi kwa wasiwasi, maana mtu akikugombeza sana unajua yamekwisha, lakini akikugombeza kidogo hujui kilichobaki kimewekwa wapi. Uwongo ule niliubeba moyoni. Yule alikuwa mwanamke asiyekubali hata kumwambia mtoto "nakuja sasa hivi" kama hakuwa anakuja sasa hivi. Na alisema uwongo mbele ya watu, Ramadhani, kwa ajili yangu.

Mwezi wa mfungo pili, wa pili baada ya Ramadhani, baridi kali, maji ya karoni asubuhi yanakata vidole. Nilimpelekea mama mkwe chai yake kama kawaida. Ilikuwa Jumanne.

"Rudisha," akasema. "Nimefunga."

Nikasimama na kikombe. Jumatatu na Alhamisi alikuwa akifunga sunna, lakini Jumanne hapana. Zile sita za baada ya sikukuu alikwisha kuzimaliza.

"Sunna, Mama?"

"Hapana. Nalipa."

Nilikwisha kujifunza habari ya kulipa. Sisi wanawake tunaoona siku zetu, zile tunazokula Ramadhani tunazilipa baadaye. Lakini mama mkwe alikuwa mtu mzima, mambo hayo yalikwisha kumtoka zamani. Na hakuugua Ramadhani ile hata siku moja. Nilimpikia daku kila usiku, ningejua.

"Mama unalipa siku gani?"

Alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Ile ya mboga yako."

Nikasogea karibu na ungo.

"Niliongopa na tende iko mdomoni," akasema. "Nimejaribu kukumbuka kama nilikuwa nimekwisha meza kitu chochote au bado. Sikumbuki. Kama nilikuwa nimemeza, basi niliongopa nikiwa nimekwisha fungua. Kama bado, niliongopa na saumu yangu. Nimemuuliza mwalimu. Ameniambia sina cha kulipa, saumu yangu ni sahihi, nitubu tu. Lakini mwalimu hakuwa na tende yangu mdomoni."

Nililia pale pale na kikombe mkononi. Sikulia kwa hofu safari hii. Nililia kwa sababu mama yule, kwa baridi ile, alikuwa anashinda na njaa kwa kosa langu, na angeshinda kimya kama nisingemletea chai.

"Usinimwagie chai kwenye mchele," akasema. "Na jambo jingine. Nimejua siku nyingi kwamba hung'oi mzizi. Nimezaliwa Iringa mimi, wenzangu niliocheza nao ni Wahehe. Mtu anayechuma mboga namjua kwa vidole vyake. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Siku ile mimi nilikuwa nimekwisha kunywa chai na kula kiporo, kwa hiyo saumu yangu haikuwa saumu na haikuandikwa popote. Lakini sikula tena. Mchana mume wangu alikuja kula, nikampakulia, akaniuliza mbona huli, nikamwambia sina njaa. Nikakumbuka uwongo ulivyotufikisha hapo, nikamwambia, "Ninayo njaa, lakini sili." Akatutazama mimi na mama yake, akaona ni mambo ya wanawake, akala akarudi kwenye cherehani.

Jioni nikapika futari ya mtu mmoja. Uji, magimbi, ndizi mbivu. Nikatafuta tende dukani nikazipata chache, ngumu, zilizobaki za Ramadhani. Tukakaa mkekani, wawili tu, taa ya chemli katikati yetu. Mchunga haukuwapo. Nilikuwa nimekwisha jifunza.

Adhana ikalia. Mama mkwe akachukua tende, akaitafuna taratibu, akaitoa kokwa akaiweka ukingoni mwa sinia. Akameza. Akanywa maji mafunda matatu. Akangoja kidogo. Kisha akanisogezea uso karibu na taa, akafungua kinywa wazi kabisa, nione kwamba hamna kitu ndani.

"Umeona?"

"Nimeona, Mama."

"Basi sasa nasema kweli. Mboga ile ilikuwa chungu kuliko shubiri, na sijapata kula kitu kibaya vile tangu nizaliwe. Na kwenu ni hapa."

Mwaka wangu wa kutazamwa ulikuwa bado umebakiza miezi mitatu.